Kushauriana Juu ya Mtoto Tunayemjua

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi huko Kirua Vunjo, Moshi Vijijini)



Kwanza kabisa twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya hapa kwa salama, waliopanda kutoka Uchira na tambarare, na walioteremka kutoka vihamba vya juu karibu na msitu. Mada tuliyopewa ni maisha ya kila siku nyumbani pamoja na mtoto mdogo. Tunamkusudia yule aliyekwisha kutoka katika uchanga, lakini hajafikia umri wa madrasa wala wa shule ya awali. Ni mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 3, anayetembea lakini hajui hatari, na anayesema lakini hajaweza kueleza linalomwuma.

Huenda baadhi ya akina baba wakajiuliza kwa nini mada hii haikupelekwa katika kikao cha akina mama. Hatuwalaumu, kwa maana sisi wenyewe tulikuwa na fikira hiyo hiyo kwa muda mrefu. Tutaeleza hapa jinsi tulivyoiacha, na gharama tuliyolipa kabla ya kuiacha.

Katika Suratul Baqarah Mwenyezi Mungu ameeleza habari za kunyonyesha. Ametaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Amemtwika baba jukumu la chakula na mavazi kwa wema. Kisha limetajwa jambo ambalo sisi tulilisoma mara nyingi bila kulisimamia: wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, na wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana, wala hawatakuwa na dhambi.

Tulitafakari jambo hili, ndugu zetu. Ziwa ni la mama. Baba hana sehemu yoyote katika mwili wake inayohusika na kunyonyesha. Hata hivyo, shauri la kuachisha halikuachwa kwa mama peke yake, bali baba ameitwa kuketi pamoja naye. Na mwenye kuitwa katika shauri hana budi alijue jambo linaloshauriwa. Hakimu hahukumu kesi asiyoisikiliza, wala mkulima hapangi bei ya kahawa asiyoiona. Basi baba atashauri nini juu ya mtoto asiyemjua?

Ya jioni moja nyumbani kwetu

Ilikuwa baada ya Sala ya Magharibi. Tulikuwa tumekaa barazani na wageni wawili, tukizungumzia mabati ya kuezekea msikiti. Mama wa nyumba alikuwa bandani akimkamulia ng'ombe, kwa sababu kutwa nzima alikuwa shamba la chini akipalilia mahindi, akarudi na mzigo wa majani kichwani. Mtoto wetu, aliyekuwa na umri wa miezi 20, alikuwa akizungukazunguka kati ya baraza na jiko. Mmoja wa wageni akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Tukajibu bila kugeuza kichwa, "Yuko na mama yake."

Hakuwa na mama yake. Alikuwa jikoni peke yake, na juu ya kigoda palikuwa na birika la chai iliyotoka motoni. Tulisikia kishindo, kisha kilio ambacho hatutakisahau. Chai ilikuwa imemwunguza mkono wa kushoto na sehemu ya kifua.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu mama yake alifika mbio na ndoo ya maji safi ya baridi, akawa anammiminia taratibu kwa muda mrefu, huku sisi tukihangaika kutafuta dawa ya meno ya kumpaka. Yeye alikataa. Alikuwa amefundishwa kliniki kwamba aliyeungua hapakwi dawa ya meno, wala siagi, wala majivu, wala ute wa yai. Hupozwa kwa maji safi ya baridi yasiyo ya barafu kwa dakika kama 20. Nguo na bangili zilizo karibu na jeraha huondolewa kabla ya mwili kuvimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi haivutwi. Kisha jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi na mtoto hupelekwa kwa mganga, hali akikingwa na baridi.

Tulipofika kwenye matibabu, muuguzi alitugeukia sisi kwa kuwa ndio tuliombeba mtoto. Akauliza mtoto ana uzito gani. Hatukujua. Akauliza amepata chanjo zipi na ipi imesalia. Hatukujua. Akauliza amekula nini tangu mchana, na kama amewahi kupatwa na degedege. Hatukujua. Kila swali lilijibiwa na mama yake, aliyekuwa bado na matope ya shamba miguuni. Njiani wakati wa kurudi tulijihukumu wenyewe. Tulijua idadi ya mabati ya msikiti hadi bati la mwisho, wala hatukujua uzito wa mtoto wetu mmoja.

Mtoto alipona, Alhamdulillahi, na kovu limebaki mkononi. Tumelisimulia jambo hili, ambalo si la fahari, kwa kuwa tunaamini jibu lile la "Yuko na mama yake" linasemwa katika nyumba nyingi za mlima huu, na mara nyingi linasemwa na mtu ambaye hajatazama.

Desturi njema iliyokatikia njiani

Wazee wetu wa Kichaga walikuwa na desturi iliyostahili sifa. Mwanamke alipojifungua alipumzishwa kwa muda wa kama miezi mitatu. Hakwenda shambani, hakubeba mzigo, na jamaa wa mume walihakikisha analetewa vyakula vya kumtia nguvu. Katika vyakula hivyo kilikuwamo kinywaji cha damu ya ng'ombe, ambacho sisi Waislamu tumekiacha kwa kuwa damu ni haramu kwetu. Lakini mtori wa ndizi na nyama, maziwa na supu vimebaki, na heshima kwa mzazi imebaki katika nyumba nyingi.

Ila tazameni linalofuata. Mtoto akiwa mchanga, nyumba nzima humzunguka. Akianza kutembea, ambapo hatari zinazidi na akili inafunguka, ndipo tunapomwacha. Mama hurudi kazini na shambani. Mtoto hukabidhiwa kwa dada yake wa miaka 7, au kwa bibi ambaye magoti yake hayawezi tena kumfukuza. Wengine wetu wako Dar es Salaam, Arusha au Mombasa, na mtoto ameachwa kihambani kwa babu na bibi, akitumiwa fedha kwa simu na kuonwa mara moja kwa mwaka. Hatusemi kwamba bibi hajui kulea. Wengi wetu tumelelewa na bibi, na twamwombea Mwenyezi Mungu awalipe. Twasema kwamba bibi ni msaidizi wa wazazi, si mtu wa kuchukua mahali pao pote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na baba siku 3. Siku hizo 3 ni za mwajiri kuhesabu. Deni la baba mbele ya Mola wake halikuandikwa katika sheria hiyo, wala haliishi siku ya nne.

Chakula chake

Sasa tuingie katika mambo ya kila siku, na tuanze na chakula. Baada ya miezi 6 maziwa ya mama peke yake hayatoshi, ingawa mtoto anafaa kuendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 huhitaji milo 3 hadi 4 kwa siku, na asusa mara 1 au 2 katikati, kwa sababu tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa kwa haraka.

Mlima wetu umejaliwa ndizi, na ndizi ni neema. Lakini ndizi peke yake humshibisha mtoto bila kumjenga. Humpa nguvu ya kukimbia, wala hazimpi kiasi cha kutosha cha protini na madini ya chuma. Mtori ulio na nyama iliyopondwapondwa ni chakula bora. Mtori ambao nyama yake imeliwa na wakubwa na mtoto akapewa mchuzi, si mtori ule. Kadhalika kiburu hufaa kikiwa na maharage ya kutosha. Mboga za majani tunazo, parachichi tunazo, mayai tunayo. Na mara nyingi mayai huuzwa ili kununua sukari ya chai. Baba ndiye mwenye neno juu ya yai linalouzwa. Basi na aseme kwamba hili moja ni la mtoto.

Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Kudumaa kwingi huingia katika kipindi hiki hiki tunachokizungumzia, na kukishaingia ni vigumu kukuondoa. Mtoto aliyedumaa haonekani kuwa mgonjwa. Anacheza na kucheka, lakini atafika darasani akiwa amepungukiwa na kitu ambacho hakuna mwalimu atakayeweza kukirudisha.

Na juu ya maziwa ya ng'ombe wetu wa bandani: yachemshwe. Wako wanaoamini kwamba maziwa mabichi yana nguvu zaidi. Yana maradhi zaidi. Vilevile mtoto asionjeshwe mbege, hata kwa ncha ya kidole, hata kwa mzaha wa jirani mwema. Tunaishi pamoja na majirani Wakristo, na wema wao kwetu ni mkubwa. Jirani aliyeelezwa kwa adabu huelewa.

Homa na kliniki

Jambo la pili ni maradhi. Tumezoea kwamba mtoto akipata joto mwilini tunasema ni malaria, tunakwenda dukani tunanunua vidonge. Hapa Moshi mjini, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, wataalamu walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa kutazama dalili, watu 528 walidhaniwa kuwa na malaria, yaani karibu 61 katika kila 100. Vipimo vya maabara vilipokamilika, malaria ilikuwa ndiyo sababu ya homa kwa watu 14 tu. Miongoni mwa maradhi yaliyobainika yalikuwamo yale yanayotoka kwa mifugo.

Basi anayemnywesha mtoto dawa ya malaria bila kipimo huenda anatibu ugonjwa usiokuwapo, na kuuachia nafasi ulioko. Mtoto mwenye homa apimwe. Na akiwa hanyonyi au hanywi, akitapika kila kitu, akiwa na degedege, akipumua kwa shida au akilegea na kuwa mzito kuamka, pasiwe na kungoja asubuhi. Hapo ndipo baba anapohitajika: kuamka usiku, kutafuta usafiri na kuteremka mlima.

Kadi ya kliniki isiwe karatasi ya mama. Wengi wetu tukishaona chanjo ya surua ya miezi 9 imepita, tunaiweka kadi juu ya kabati. Lakini dozi ya pili ya surua na rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na wengi huisahau kwa sababu mtoto anaonekana amekwisha kuwa mkubwa. Yako pia matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto atimize miaka 5, na dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Tusidhani kwamba mambo haya ni madogo. Utafiti wa mwaka 2004 hadi 2005 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai nchini, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Tofauti hiyo ni watoto walio hai, wanaokimbia leo katika migomba. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye uhai, na sababu hizi amezijaalia Yeye.

Hatari za uwanjani

Jambo la tatu ni usalama. Mwombeni mtu mwenye busara aingie katika nyumba zetu akitambaa kwa magoti, aone anayoyaona mtoto. Atauona moto wa mafiga ulio sawa na kifua chake. Ataona mpini wa sufuria uliotokeza nje. Ataona mundu wa kukatia majani umeegemezwa ukutani. Atauona mfongo unaopita kando ya uwanja, maji yake yakiimba na kumwita. Ataiona ndoo iliyojaa nusu, na mtoto wa umri huu aliyeingiza kichwa katika ndoo hana nguvu ya kujitoa.

Ataona pia chupa ya soda yenye mafuta ya taa, na nyingine yenye mrututu au dawa ya kupulizia kahawa. Mtoto hasomi maandishi. Yeye ameona chupa ya soda, na soda anaijua kuwa ni tamu. Dawa ya sumu isiwekwe kamwe katika chombo cha kunywea au cha chakula, bali iwekwe juu na ifungiwe. Na mtoto akiisha kunywa mafuta ya taa asitapishwe kwa nguvu. Apelekwe haraka kwa mganga pamoja na chupa ile.

Kuyaondoa haya hakugharimu fedha nyingi. Sisi, baada ya jioni ile, tulitumia mbao za zamani kutengeneza kizuizi cha mlango wa jiko, na mafiga tukayainua juu ya ukingo wa matofali. Ni kazi ya siku mbili. Iliyotuuma ni kwamba tungeweza kuifanya mwaka mzima kabla.

Maneno yake na hasira yake

Jambo la nne ni mazungumzo. Mtoto huyu mdogo ni mwanafunzi kuliko sisi sote. Lugha yetu ya Kivunjo imewashangaza wataalamu wa lugha wa dunia. Mwaka 1994 mwanachuoni wa Marekani, Steven Pinker, aliitaja katika kitabu chake juu ya lugha, akieleza jinsi kitenzi kimoja cha Kivunjo kinavyobeba viambishi vingi ambavyo lugha nyingine huhitaji sentensi nzima kuvieleza. Naye mtoto wa miaka 3 wa Kirua huvitumia vyote bila mwalimu wala ubao. Ameipata wapi elimu hiyo? Ameipata kwa kusikia akisemeshwa akiwa mgongoni, akiwa kando ya anayechambua maharage, akiwa nyuma ya anayekwenda mfongoni.

Kwa hiyo tumsemeshe. Kiswahili na Kivunjo vyote vitaingia, havigombani. Tumwambie jina la mti, la ndege, la kidole chake. Akisema neno kwa makosa, tulirudie kwa usahihi bila kumcheka. Bismillahi aisikie kila tunapokula, kabla ya kujua maana yake. Kazi hizi za kila siku ndizo shule yake, na hazihitaji muda maalumu uliotengwa, ila zinahitaji mtu aliyepo.

Tunasema aliyepo, kwa sababu siku hizi mtu anaweza kuwapo na asiwepo. Tunakaa na mtoto huku macho yetu yako kwenye simu, na mtoto akilia tunampa simu ile ile anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya kioo cha televisheni au simu, na mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Simu haimjibu mtoto anaposema. Sisi ndio tunaoweza kumjibu.

Ama hasira zake, zinajulikana. Hujitupa chini, hurusha kijiko, husema "sitaki" kwa kila jambo, hata kwa lile analolitaka. Wengi wetu hukimbilia fimbo, tukisema samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini anayekunja kwa pupa huvunja. Mtoto wa miaka 2 hajakusudia kutudharau. Ana matakwa makubwa na maneno machache. Ashikwe, aondolewe penye hatari, aelezwe kwa maneno mafupi, na kauli ya baba isipingane na ya mama. Mtoto akiona baba amekataa na mama ameruhusu, hajifunzi utiifu. Hujifunza kutafuta mlango ulio wazi.

Tukumbuke kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. ameelekeza mtoto aamrishwe Sala afikapo miaka 7. Ikiwa Sala, ambayo ni nguzo, haikudaiwa kwa mtoto kabla ya umri huo, sisi tunapata wapi haki ya kumdai mtoto wa miaka 2 akae msikitini kama mzee wa baraza? Imepokewa kwamba Mtume s.a.w. aliswalisha hali amembeba mjukuu wake Umamah, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Imepokewa pia kwamba alikuwa akitaka kurefusha Sala, lakini akisikia kilio cha mtoto huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hebu tujiulize: siku ya Ijumaa mtoto anapolia katika safu za akina mama, sisi hufanya nini? Wapo wanaogeuka na kukunja uso. Mama yule hurudi nyumbani na huenda asije tena, na mtoto hukua akijua kwamba msikiti ni mahali pa kukemewa.

Tunayowaomba

Ndugu zetu wapendwa, mwezi Desemba mwaka 2021 serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mkitazama, yote tuliyoyasema leo yamo ndani ya hizo tano. Lakini programu haiwezi kuingia jikoni kwetu ikaliondoa birika juu ya kigoda. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo tunawaomba akina baba mambo matatu tu. La kwanza, kila mmoja wetu aichukue kadi ya kliniki ya mtoto wake leo hii na kuisoma, ajue uzito wake na chanjo iliyosalia. La pili, kila siku achukue saa moja ambayo mtoto yuko mikononi mwake yeye, si mikononi mwa mwingine, ili mama apumzike au afanye kazi yake bila kugeuka nyuma. Asiseme anamsaidia mkewe. Anatimiza lililo lake. Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. hufanya nini akiwa nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kuswali. La tatu, walio mbali na watoto wao wasitume fedha tu, bali waulize. Wamuulize bibi mtoto amekula nini, amesema neno gani jipya, ameanguka wapi. Na ikiwezekana, wamchukue wakae naye.

Nao mama zetu tunawaomba jambo moja. Msitufukuze jikoni tunapokosea. Tutamfunga mtoto nguo nyuma mbele, tutampa uji uliopoa mno, naye atalia. Mtuvumilie kama mnavyomvumilia yeye, maana sisi nasi tunaanza kutembea.

Tutamalizia na habari ya mtoto wetu yule. Alipokaribia kutimiza miaka 2, mama yake alituuliza usiku mmoja, "Baba, waonaje, tumwachishe sasa?" Kwa watoto waliotangulia jibu letu lilikuwa ni "Wewe ndiye unayejua." Mara hii tulikuwa na la kusema. Tulijua kwamba juma lililopita alikuwa na homa na bado hajarudia kula vizuri. Tulijua kwamba ndizi za kupondwa anazikataa lakini uji wa maziwa anaupenda. Tulijua kwamba usiku huamka mara mbili, kwa kuwa tulikuwa tukiamka pamoja naye. Tukasema, "Tungoje baridi ya mwezi wa Julai ipite, apate nguvu kwanza." Naye akasema kwamba hata yeye aliwaza hivyo. Tukaridhiana.

Mashauri yetu yalichukua muda mfupi kuliko ule wa kunywa kikombe cha chai. Lakini tuliona kwamba kwa mara ya kwanza tumeifanya ile aya, baada ya kuisoma miaka mingi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na moto wa dunia na wa Akhera, awaponye walio wagonjwa, awape subira walioondokewa na watoto, awaruzuku wasiojaliwa, na atufanye sisi akina baba kuwa watu wanaojua jibu watakapoulizwa juu ya amana zao. Amin.